Mita Isiyotembea

Mtaani tulimwita Msoma Mita. Hata mke wake, mgeni akimuulizia, alijibu, "Msoma Mita ametoka." Jina lake la ubatizo nililiona mara moja tu, kwenye barua ambayo nitaieleza, nami sitaliandika hapa kwa kuwa hakuna aliyelitumia. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mji wa Kisii, nyumba kwa nyumba na duka kwa duka, kufunua vifuniko vya chuma, kuinama, na kusoma ni maji kiasi gani yaliyotumika mwezi huo. Nyumba yake na yangu zilikuwa katika safu moja ya nyumba za wafanyakazi, upande wa mji unaoteremka kuelekea bondeni, na tulitenganishwa na ukuta mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya nilimtakia afya. Tuliishi hivyo miaka tisa.

Mimi ni mtu wa Taita. Nilifika Kisii kufundisha shule ya msingi katikati ya miaka ya sitini, nikiwa na sanduku moja na bila neno hata moja la Kikisii. Ndiyo maana karibu maneno yote niliyo nayo kutoka kwake ni ya Kiswahili. Alikizungumza nami taratibu na kwa heshima, kama mtu aliyevaa viatu vya Jumapili.

Asubuhi yangu ya pili pale alibisha mlango. Alikuwa ameshika maganda ya viazi juu ya kipande cha gazeti.

"Bwakire, Mwalimu," alinisalimu kwa Kikisii. "Haya ni yako?"

Nilisema ndiyo, nilikuwa nimeyatupa nyuma ya ua.

"Nimeyakuta huko. Nilitaka kuuliza tu, jana ulimenya viazi ama ulivichonga?"

Sikujua kama natukanwa. Alinipeleka nyuma ya nyumba yake, akanionyesha shimo lililofunikwa kwa majani ya mgomba. Akafunua. Ndani mlikuwa na maganda, majivu, majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, mabua, na manyoya ya kuku, vyote vikiwa vinageuka udongo mweusi uliotoa mvuke. Harufu yake haikuwa mbaya kama nilivyotarajia.

"Takataka," aliniambia, "ni kitu ambacho hujakipa kazi."

Kisha akamwaga maganda yangu shimoni, akakunja lile gazeti na kulirudisha mfukoni. Nilikasirika wiki nzima. Wiki ya pili nilianza kumenya viazi kwa ganda jembamba, nikiwa bado nimekasirika.

Gazeti lile lilikuwa na safari zake. Wakati huo Mhindi aliyekuwa na duka karibu na soko alifunga sukari, chumvi na maharagwe kwa karatasi za magazeti. Msoma Mita alikwenda dukani na kikapu cha ukindu, chupa ya mafuta ya taa, na zile karatasi za wiki iliyopita zikiwa zimenyooshwa kama shati. Siku moja nilikuwa nyuma yake kwenye foleni.

"Karani," mwenye duka alimwambia, "hii karatasi nilikupa Jumatatu."

"Ndiyo. Bado ni nzima."

"Lakini hii habari watu wameshasoma."

"Sukari haisomi, Bwana."

Mwenye duka alimtazama, akatazama foleni, akafunga sukari katika karatasi ileile. Baadaye, miaka ya sabini ilipoingia na mifuko ya nailoni ikaanza kuonekana, watu walitembea nayo mjini kama saa mpya ya mkono. Msoma Mita alipewa mmoja akaugeuzageuza, akauliza ukioza unakuwa nini. Hakuna aliyejua. Basi akaufua kwa sabuni na kuuanika kwenye kamba, katikati ya shuka na nguo za watoto. Mke wake aliutoa. Yeye akaurudisha. Mke akahamisha kamba nzima upande wa pili wa nyumba, ambako wapita njia wasingeuona.

Mama yule, mke wake, ndiye aliyebeba mzigo mzito wa akili za mumewe. Alikuwa mtu wa Suneka, mrefu, mcheshi, mwenye kupenda nguo nyeupe. Na mwanamke anayependa nguo nyeupe hakupaswa kuolewa na mtu yule.

Lazima nieleze habari ya maji. Kisii mvua hunyesha karibu kila alasiri. Saa nane mbingu zinakuwa nyeusi, saa tisa watu wako chini ya mabaraza, saa kumi na moja barabara ni mto mwekundu. Kuweka akiba ya maji Kisii, watu walisema, ni kama kuweka akiba ya vilima. Lakini Msoma Mita alikuwa amekata madebe, akayapasua na kuyakunja yawe mfereji chini ya mabati, na mfereji ule ukashuka ndani ya pipa lililofunikwa kwa ubao na jiwe. Familia yake iliishi kwa pipa hilo. Maji ya kuosha mboga yalikwenda kwenye migomba. Maji ya kuoga, mtu akiwa amesimama ndani ya karai, yalisugua sakafu, kisha yakasugua choo. Maji ya kufulia ya mwisho yakawa ya kufulia ya kwanza kesho yake, na hapo ndipo nguo nyeupe za Mama zilipoanza kuwa rangi ya maziwa, kisha rangi ya chai ya maziwa.

Nilimuuliza kwa nini mtu anayefanya kazi ya maji ya bomba, tuliyoyaita ya mfereji, asiyatumie.

"Mfereji ni mgeni," alisema. "Siku moja ataamka aseme anaenda zake. Mvua ni ndugu."

Kila Januari mgeni huyo aliondoka kweli. Mifereji ilikohoa hewa siku tatu, siku tano, na safu yetu yote ikashika ndoo kuelekea bondeni. Yeye alikaa mlangoni akinywa chai. Sitasema hakufurahia.

Na alikunywa chai kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Vikombe saba kwa kikao kimoja, vilivyojaa hadi ukingoni, na mgeni akisema ametosheka alichukuliwa kuwa mgonjwa. Mtu aliyenihesabia maganda ya viazi aliwasha redio yake alfajiri na kuiacha ikiimba hata nyumba ikiwa tupu, eti nyumba isione upweke. Betri zikichoka alizianika juani zipate nguvu, zikichoka kabisa alinunua nyingine bila kulalamika. Nilipomuuliza kuhusu hilo alishangaa, kana kwamba nimeuliza kwa nini anapumua.

Ofisi ilimpa baiskeli. Katika mji ambao kila njia inapanda, baiskeli ni kitu cha kusukuma, na yeye aliisukuma kwa uaminifu. Aliipanda kwenye miteremko tu, akiwa amenyooka, kofia imeshikwa kwa mkono mmoja. Watoto wa shule yangu walisema Msoma Mita anapeleka baiskeli yake kutembea. Ofisi ilipotaka kumbadilishia apewe pikipiki, alikataa kwa barua. Alieleza kwamba pikipiki inakunywa, na yeye ni Msabato.

Sasa ile barua yenye jina lake.

Mwaka ule alikuwa amegombana na mkewe kwa sababu ya shuka. Mama alikuwa amesuuza shuka zake mara mbili kwenye mfereji, maji yakitiririka, naye mumewe alisimama kando, mbele ya wageni wa kanisani, akasema kwa sauti ya upole, "Mnaona? Hata mto unaona haya." Mama alikamua shuka zile, akazikunja zikiwa mbichi, akamchukua mtoto mdogo na kwenda kwao Suneka. Wiki mbili zikapita. Msoma Mita alipika ugali wake mwenyewe na kusema kwamba nyumba inatumia maji kidogo zaidi, lakini nilisikia kupitia ukuta kwamba redio ilikuwa imezimwa.

Katika wiki hizo mbili barua ikafika. Mkubwa mpya alikuwa ameingia ofisini kwake, akapitia vitabu vya mita, akaona kwamba nyumba ya msomaji wake mwenyewe ilikuwa na mita ambayo karibu haitembei. Nyumba zote za safu yetu zilitumia maji kwa mapipa. Ya kwake ilitumia kwa vikombe. Kwa mtu mwenye akili timamu kulikuwa na maelezo mawili tu: ama ameizuia mita, ama amepitisha bomba la siri. Barua ilimtaka aeleze kwa nini asifukuzwe kazi. Na nyumba ilikuwa ya kazi, kwa hiyo kazi ikiondoka nyumba inaondoka, na watoto wake wanne, watatu wakiwa shuleni kwangu, wangerudi mashambani katikati ya mwaka wa shule.

Alinijia na ile barua akiwa ameishika mbali na mwili.

"Mwalimu, niandikie jibu. Mimi nikiandika nitaandika kweli, na kweli yangu haiaminiki."

Nilimwandikia. Ilikuwa barua nzuri, nami pia sikuiamini nilipoisoma tena. Ni nani angeamini kwamba watu sita wanaishi kwa pipa moja? Kisha, bila kumwambia, nilimtuma mwalimu mwenzangu aliyekuwa akienda Suneka amweleze Mama.

Mama alirudi kesho yake asubuhi na mapema. Hakumsalimia mumewe. Alifagia, akawasha moto, akakaa.

Ofisi ilituma Mkaguzi kutoka Kisumu. Ilikuwa likizo, nami nilishinda mlangoni nikijifanya nachambua mchele. Alikuwa kijana mnene kiasi, suti ya kijivu, viatu ambavyo matope yetu yaliviharibu kabla hajafika mlangoni. Alikuja na vibarua wawili wenye majembe. Kwanza aliijaribu mita. Alifungua mfereji, akajaza debe, akatazama mshale. Mita ilihesabu sawasawa. Akajaza debe la pili, la tatu. Msoma Mita alisimama pale akitazama madebe yale yakimwagwa nje moja baada ya jingine, midomo ikicheza. Debe la nne aliliwahi, akalibeba mwenyewe hadi kwenye mgomba.

"Basi ni bomba la siri," Mkaguzi alisema. "Chimbeni."

Walichimba nyuma ya nyumba mpaka saa sita. Safu nzima ilikuwa imetoka kutazama. Hawakupata bomba. Chini ya maboga, jembe liligonga kitu, na kibarua akainua betri ya redio. Kisha nyingine. Walitoa ndoo nzima ya betri zilizopasuliwa. Mkaguzi aliinama, akavaa miwani.

"Hii ni mashine gani?"

"Si mashine, Bwana. Ni mbolea."

"Betri ni mbolea?"

"Ule unga mweusi wa ndani. Nauweka chini ya maboga."

"Nayo yanakubali?"

"Hayajalalamika."

Maboga yale yalikuwa makubwa, matamu, na Msoma Mita aliyagawa safu nzima bila ubahili. Tulikuwa tumeyala miaka mitatu. Nimesoma tangu hapo kilichomo ndani ya betri. Mtu yule hakutupa ganda la yai, lakini alitulisha sumu kwa moyo mweupe kabisa, na nikiumwa tumbo hata leo humkumbuka kwanza yeye.

Mkaguzi aliamua kukaa. Alisema ataiona siku nzima ya nyumba hiyo kwa macho yake. Akapewa kiti, akafungua daftari juu ya goti. Aliandika maji ya chai. Aliandika maji ya kunawa. Chinsaga, zile mboga chungu za Kisii, zilipooshwa, aliyafuata maji yale kwa miguu mpaka kwenye mgomba, akarudi, akaandika. Chakula kilipokuwa tayari, mtoto alimletea birika na beseni anawe, naye akamimina kama watu wa Kisumu wanavyomimina, wenye ziwa. Aliponyanyua macho watoto wote wanne walikuwa wamelikodolea macho beseni. Akaacha kumimina. Nilimwona akimalizia kusugua vidole kwa maji yaliyobaki mkononi.

Alasiri mvua ikaja kwa wakati wake. Mfereji wa madebe ulinguruma, pipa likajaa, likafurika, na Msoma Mita akakimbia nje bila kofia kuweka sufuria, karai, birika, chochote chenye tumbo. Mkaguzi alisimama mlangoni akitazama mtu mzima akikimbizana na mvua. Kisha akageuka kwa Mama, ambaye siku nzima hakuwa amesema neno.

"Mama, wewe ndiye unaishi naye. Niambie ukweli. Huyu bwana haibi maji?"

Niliacha mchele. Mama alikuwa na wiki mbili za hasira na miaka mingi ya shuka rangi ya chai. Neno moja lake lingetosha, na hata kunyamaza kungetosha. Alimtazama mumewe kule nje, ameloa, amekumbatia sufuria.

"Bwana," alisema, "kama anaiba maji, mwambie ayalete nyumbani. Mimi ndiye nimeyangoja."

Mkaguzi alifunga daftari. Nadhani alitaka kucheka, lakini alikuwa kazini.

Jibu la ofisi lilikuja baada ya siku kumi. Lilimwondolea mashtaka yote. Aya ya pili, hata hivyo, ilimkumbusha kwamba mtumishi wa idara ni mfano kwa wateja, na kwamba wateja wakiishi kama yeye idara haitakuwa na sababu ya kuwapo. Kwa hiyo alishauriwa kutumia maji kwa kiwango cha kawaida. Alinisomea aya hiyo mara mbili, polepole, akitafuta mahali alipokosea. Kisha akaikata barua vipande vidogo na kuandika nyuma yake majina ya mbegu.

Mama hakurudi Suneka, lakini hakubaki bure. Alidai pipa la pili, lake peke yake, ambalo mumewe hatalisogelea wala kulizungumzia. Likaletwa. Alifua humo nguo nyeupe, akasuuza mara mbili, mara nyingine tatu, na Msoma Mita alijifunza kwenda matembezi Jumapili asubuhi.

Na safu yetu, ambayo kwa miaka ilimcheka, ilibadilika mwaka uleule. Hakuna aliyeshawishika na maneno yake. Watu walisema tu kwamba serikali haiwezi kutoka Kisumu na majembe kuja kutafuta siri ya mtu ikiwa siri hiyo haina faida. Kufikia Januari nyumba saba zilikuwa na mapipa. Mashimo ya takataka yalichimbwa. Mmoja, Mungu amsamehe, alianza kukusanya betri.

Nilihamishwa kwenda Nyamira, baadaye nikasikia Msoma Mita amestaafu na kurudi kwao upande wa Nyamache. Nilimwona tena mara moja tu, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipopelekwa shule ya huko kusimamia mtihani. Mtihani ulipokwisha niliuliza njia, nikaonyeshwa.

Nilidhani nitakuta bustani. Nilikuta mlio wa shoka. Chini ya boma lake, bondeni, palikuwa na msitu wa mikalitusi, mirefu, imenyooka kama penseli, na yeye alikuwa miguuni pa mmoja wao, shati limeshikana na mgongo. Miti kadhaa ilikuwa imelala tayari. Alinitambua kabla sijasema.

"Mwalimu. Umekuja kunikuta siku mbaya."

Alinieleza huku akifuta shoka kwa nyasi. Miti ile aliipanda mwenyewe, miche michache kila likizo, miaka yote aliyokuwa mjini. Kila mtu alikuwa akipanda. Viwanda vya chai vilitaka kuni, na mti huu unakua ukiutazama. Aliona fahari. Aliweka miche pale penye unyevu ili isimsumbue kumwagilia. Na penye unyevu palikuwa na chemchemi, iliyokuwa inalisha nyumba zote za kilima kile tangu kabla ya babu yake. Mizizi ikainywa.

"Ilikufa lini?"

"Mwaka juzi. Ilipungua, ikawa jasho, ikakauka. Wanawake sasa wanashuka bonde la pili." Aliweka shoka chini. "Hawanisemi kwa maneno. Wakipita na mitungi wananisalimu vizuri sana."

Alikuwa amewaomba vijana wa jirani wamsaidie kukata. Walimwambia miti mizuri hivyo haikatwi, wao wenyewe walikuwa wameshapanda ya kwao.

Mama alikuja akipanda kutoka bonde la pili, debe kichwani, kitambaa cheupe chini yake. Alilitua, akanishika mikono yote miwili, akauliza habari za watoto wangu na za magoti yangu. Alinimiminia maji ya kunywa, kikombe kizima. Kisha akafunga leso kiunoni, akaokota msumeno mrefu wenye vipini viwili uliokuwa umelala kwenye majani, akamnyooshea mumewe kipini kimoja.

Nilimuuliza Msoma Mita kama miti ikiisha, maji yatarudi.

Katika miaka yote tisa kupitia ukuta ule sikuwahi kumuuliza kitu akakosa jibu, hata pale ambapo jibu lilikuwa la uongo. Alipiga magoti upande wake wa mti. Aliangalia pale palipokuwa na chemchemi, ardhi nyeupe yenye nyufa na magome yaliyoanguka.

"Sijui, Mwalimu," alisema.

"Vuta," Mama alimwambia, naye akavuta.